Chukudu kwenye taa nyekundu

Pale barabara ya Kibati inapoingia mjini, taa nyekundu hukaa mpaka mtu asahau alikokuwa akienda. Madereva wetu hawana moyo wa kungoja. Rangi haijabadilika, honi zimeshaanza, na wenye pikipiki wamekwisha kupenya. Mimi pia hununa, sitajifanya mtakatifu.

Lakini anayeteswa zaidi na taa ile ni mwenye chukudu. Gari lake ni mbao na magurudumu mawili tu, na likiwa na mzigo hutegemea mteremko. Likishasimama, ni nguvu ya mwili tu itakayoliondoa, na ya mtu mmoja mara nyingi haitoshi. Ndiyo maana huku kwetu aliye karibu hushika nyuma, akasukuma kidogo, kisha akaenda zake.

Baba yangu alitulea kwa chukudu, akishusha makabichi na makaa. Kifua kilipomzidi, daktari alimkataza kabisa, naye akakubali bila ubishi. Alituambia ameikodisha kwa jirani. Tangu hapo kila alfajiri alitoka nyumbani kwetu, mtaa wa Majengo, akisema anakwenda misa, na mama alifurahi kweli.

Asubuhi moja nilikuwa kiti cha mbele cha taksi, nikienda kazini. Mbele yetu ilisimama chukudu yenye magunia ya viazi, marefu hata mwenyewe haonekani. Taa ikaruhusu. Chukudu haikutikisika. Dereva wetu akapiga honi, na wa nyuma wakamwitikia.

“Muzee, toka mu njia. Tuko na kazi,” dereva alisema, kichwa nje ya dirisha.

Mwenye chukudu aliinama pembeni ili avute usukani, nami nikaiona sweta ya njano. Niliinunua mwenyewe, imkinge baba kifua na baridi.

Hasira zilinipanda, nilitaka kumfokea hapo hapo kama mtoto mtoro. Kisha nikaogopa. Mzee wangu hajawahi kuvumilia kuonewa huruma, na wanawe ndio wa mwisho ambao angetaka wamwone hivyo. Lakini kumwacha na kifua kile sikuweza.

Nilishuka. Niliweka mikono miwili kwenye magunia, yamelowa umande, nikasukuma. Upande wa pili nilimsikia akihema, ule mluzi wa kifuani ambao mama huamka kuusikiliza. Tulisukuma hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka magurudumu yakakubali.

Hakugeuka, anayegeuka huangusha mzigo. Alisema tu, kwa sauti iliyokatikakatika:

“Aksanti, mwenye kunisukuma. Mungu akupatie batoto benye kukusukuma na weye.”

Taa ilikuwa imerudi nyekundu, na honi sasa zilikuwa zikinipigia mimi. Sikumwitikia hata amina, kwa kuwa angeijua sauti yangu.