Nafasi Kando ya Evarist

Pale kijijini Daudi, Agatha alijulikana kwa uaminifu. Mbuzi wa jirani akiingia shambani mwake, alimfunga kamba na kumrudisha mwenyewe. Akiokota leso kanisani, alisimama mlangoni mpaka mwenyewe apatikane. Alikuwa amezika mume, amelea watoto watano kwa viazi na maharage, na vitambaa vya altare alivifua yeye. Hakuna aliyejua kwamba kwa miaka mitatu mama huyo alikuwa akiishi kama mtu aliyeona nyoka akiingia ndani asimwone akitoka.

Hofu yake ilikuwa juu ya kaburi. Zamani, kigango chao cha kanisa kilipojenga ukuta wa makaburi, ilikubaliwa kwamba kila atakayebeba mawe kutoka korongoni msimu mzima atapewa nafasi moja ya kuzikwa, na jina lake litaandikwa daftarini. Mumewe, Evarist, alibeba. Justina, dada yake Evarist, naye alibeba, akachagua nafasi ya ubavuni mwa kaka yake. Agatha hakubeba, alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Siku walipomzika Evarist ndipo alipoona vizuri: upande mmoja wa mumewe ni ukuta, upande wa pili ni nafasi ya Justina. Yeye angelazwa kule chini kwenye mikaratusi, na wasiokuwa na mawe.

Wakati huo Justina alikuwa amehamia Hirbadaw kwa mwanawe, macho yameingia ukungu. Agatha akamfuata na karatasi ya kuhamisha nafasi.

"Wifi, hii ni ruhusa tu ya mimi kupalilia makaburi yenu," alimwambia.

Justina alicheka, akabonyeza dole gumba kwenye karatasi. "Palilia, wifi. Usiniachie magugu ya sangari kitandani kwangu."

Katibu wa kigango, Patriki, alipokea karatasi ile bila swali. Nani angemhoji Agatha?

Mwaka huu, siku ya Marehemu Wote, Agatha alikuwa ameinama aking'oa magugu kabla ya Misa. Akasikia jembe likigonga jiwe nyuma yake. Akageuka. Justina alikuwa amesimama pale, amekonda, kitenge kipya kiunoni.

"Shikamoo, wifi," Agatha alisema, akimkodolea macho.

"Marahaba. Mbona unanitazama kama mimi ndiye marehemu? Nimetolewa mtoto wa jicho! Sasa naona mpaka viroboto wa kuku." Akaweka jembe chini. "Nimekuja kujibu mwenyewe leo, kabla hawajaniitikia wengine."

Desturi ya kigango ni kwamba baada ya Misa katibu husoma daftari makaburini, safu kwa safu. Aliye hai husimama juu ya nafasi yake na kuitika "Nipo." Aliyekufa huitikiwa na ndugu zake, "Amelala." Mwaka jana na mwaka juzi Agatha alisimama hapo kando ya Evarist akaitika, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. Anayechukua nafasi ya mwenzake humlalia mwenzake hata kabla ya kufa.

Misa yote hakusikia kitu. Aliwaza kukimbia. Aliwaza kusema kwamba Justina amesahau, maana wazee husahau, na watu wangemwamini yeye. Wazo hilo la mwisho ndilo lililomtia hofu kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli.

Walipofika safu ya ukutani, Justina alikuwa ameshasimama mahali pake, kifua mbele. Agatha alisimama hatua moja pembeni.

"Evarist Bura," Patriki alisoma.

"Amelala," wakaitika wote wawili.

Patriki akashusha kidole kwenye mstari uliofuata, akavuta pumzi.

"Usisome," Agatha alisema. "Jina lililoandikwa hapo ni langu, na nililiiba. Wifi yangu hakuhamisha nafasi. Nilimwambia ni ruhusa ya kupalilia."

Patriki alivua miwani. "Mama Agatha, unayasema haya mbele ya watu?"

"Mbele ya watu ndipo nilipoaminiwa."

Justina alimtazama kwa macho yake mapya. "Nilikupa dole, wifi," alisema taratibu. "Ukachukua mwili mzima."

Patriki alilipiga mstari jina la Agatha, akaandika la Justina, akaliweka la Agatha mwisho kabisa pamoja na wasiobeba mawe, na mashahidi wawili wakatia sahihi. Agatha akatia ya tatu.

Kisha akashuka peke yake mpaka kwenye mikaratusi. Nyasi zilikuwa zimemfika magotini. Kutoka huko hakuliona kaburi la Evarist. Aliona mgongo wa Justina tu, ameinama, anapalilia kitanda chake bila kugeuka.

Jina lake lilisomwa la mwisho.

"Nipo," aliitika, kwa mara ya kwanza mahali palipo pake.