Kupiga Nane bila Kushusha Mguu

Swali la kwanza mtaani kwetu halikuwa pikipiki nimeinunua wapi wala kwa nini. Lilikuwa: utakaaje? Aliyeuliza ni jirani wa nyumba ya mbele, alikuwa dirishani akichambua mchele, na kabla sijamjibu swali lilikwisha kufika mwisho wa kichochoro. Mwanamke wa Mjini hupanda vespa ya mumewe au ya kaka yake kwa upande, miguu yote kushoto, baibui limekunjwa vizuri, mkoba mapajani. Hilo halina neno. Lakini pikipiki niliyoileta mimi haipandwi upande. Ni ya mbio. Usukani wake uko chini, pa kukanyagia pako nyuma, na anayeiendesha hulala kifudifudi juu ya tangi, makalio juu, kama mtu anayetafuta sindano chini ya kitanda. Jirani alipoelewa, alijishika mdomo. Nikamwambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Alicheka, ila hakuniombea dua.

Sina haja ya kumwomba mtu msamaha kwa pikipiki ile. Nimepita arobaini, nimeolewa nikaachwa, nashona, najilisha mwenyewe. Na kazi yenyewe ndiyo iliyoniletea. Kule Paje wageni huruka baharini wakivutwa na tiara za kitambaa, kubwa kama paa la banda, na tiara zikichanika zinataka fundi mwenye cherehani nzito na subira. Fundi huyo ni mimi. Mwalimu mmoja wa mchezo ule, kijana wa Kizungu niliyemshonea msimu mzima, alikuwa anarudi kwao na pikipiki hakuweza kuondoka nayo, kwa hiyo hatukusumbuana kwa bei. Nilikuwa nimeiona mara nyingi imeegeshwa nje ya banda lake, nyekundu, na kila nilipoiona nilichelewa kuondoka. Niliitaka tu. Mwanamme akisema anataka kitu kama kile, watu humwuliza atachukua rangi gani. Mimi niliulizwa nimepandwa na jini gani.

Aliyekuwa na haki ya kuuliza ni mmoja, naye ni Ami, mdogo wake marehemu baba. Ndiye aliyenilea, na ndiye mkubwa wa nyumba yetu ya ukoo pale Mkunazini, nyumba ndefu yenye ngazi zinazovunja magoti na ukumbi mpana chini. Hapakuwa na mahali pengine pa kulaza pikipiki isipokuwa ukumbini. Nikiiacha kichochoroni, kisichoharibiwa na chumvi kitaharibiwa na watoto.

Ami hapigi wala hatukani. Mamlaka yake yote yako kwenye wito. Hukaa chini kwenye kiti chake, huita jina langu mara moja, nami popote nilipo juu huacha cherehani, huitika "Abee!" na kushuka. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa. Mtoto wa kike akiitwa haulizi kuna nini. Huitika kwanza, kisha huja kuambiwa. Miaka arobaini haikubadilisha kitu.

Aliizunguka pikipiki mara mbili, bakora mkononi, halafu akaniita nikashuka.

"Hii italala hapa mpaka utahiniwe," alisema. "Ukipata leseni kwa mtihani, kama wanavyopata wanaume, mie sitosema tena. Ukikosa mara ya kwanza, ntakusamehe. Ya pili, nnaiuza."

"Nimekubali, Ami."

"Unakubali upesi kwa kuwa hujajua uzito wake."

Kweli, nilikuwa sijaujua.

Nilianza na nguo, kwa sababu nguo ninazijua. Baibui halifai. Upindo wake ukinaswa na mnyororo wa tairi la nyuma, mnyororo haukuulizi wewe ni mtoto wa nani. Nikajishonea suruali pana ya turubai jepesi, magoti nikayatia mpira ndani, na koti refu lenye mpasuo nyuma linalofunika kila kinachotakiwa kufunikwa. Ushungi ukabanwa chini ya helmeti. Aliyekaa barazani akingoja kuona kitu hakuona kitu, na baadhi yao, nawajua, walisikitika.

Kujifunza nilikwenda Kizimbani. Rafiki yangu ni mwanamke wa Makunduchi aliyeolewa kule, anafanya kazi kwenye shamba la viungo la serikali, na huenda kazini na vespa yake mwenyewe. Kwao hakuna aliyemwuliza anakaaje. Watu wa shamba wana kazi. Siku ya mwanzo aliiendesha yeye pikipiki yangu kutoka Mjini, mimi nikiwa nyuma nimemng'ang'ania, na tulipofika kwenye njia za ndani, kati ya mikarafuu, aliteremka akasema, "Haya shoga. Maji umeyavulia nguo."

Sitaki kudanganya: ilikuwa taabu tupu. Miguu yangu mifupi, na nikisimama ni vidole tu vinavyogusa chini, mpaka fundi viatu wa Darajani aliponiongezea soli. Pikipiki ile ikishakwenda haianguki. Huanguka ikisimama. Iliniangukia pole pole, mbele ya watu, na sijui jambo la kufedhehesha kama kuanguka wakati hujakwenda popote. Klachi nikiiachia kwa pupa iliruka kama mbuzi, kisha ikazima. Jioni viganja viliniuma hata mkasi nikaushika kwa mikono miwili. Moto wa injini ulinibabua mapaja. Wafanyakazi waliokuwa wameanika karafuu waliponiona naja waliinuka wakakusanya majamvi yao kabisa, na siwalaumu.

Kilichoniokoa ni cherehani. Ya umeme ukiikanyaga kwa hasira inakula kidole. Unaikanyaga kidogo, unasikiliza, unaongeza. Siku nilipoacha kupigana na mkono wa mafuta, ule wa kulia wa usukani, nikaanza kuusikiliza, pikipiki nayo ikanyooka.

Halafu ikaja asubuhi moja ya Ijumaa, barabara imelowa mvua ya usiku na imeshaanza kukauka. Niliingiza gia ya tatu, injini ikabadilisha sauti, nikalala juu ya tangi kama inavyotaka yenyewe, nikatazama mwisho wa kona badala ya kutazama tairi, na kona ikapita chini yangu bila ugomvi. Nilipiga ukelele ndani ya helmeti. Hakuna aliyenisikia, hakuna aliyeniambia nipunguze sauti. Sijui mara ngapi maishani nimepiga ukelele wa furaha bila kuangalia kwanza nani yuko karibu, lakini hazifiki vidole vya mkono mmoja. Najua, kisiwa chenyewe ukianza tu kukimbia kimekwisha. Mbele tuta, baada ya tuta askari, baada ya askari ng'ombe. Lakini pale katikati ya tuta na tuta palikuwa pangu, na sikuwa tayari pauzwe.

Mtihani ulifanyika kwenye uwanja mmoja wa Ng'ambo. Askari anayetahini alikuwa amepanga mawe yaliyopakwa chokaa kwa umbo la nane. Unaipiga nane mara mbili, pole pole, bila kugusa jiwe na bila kushusha mguu. Kwa pikipiki ndogo ni mchezo. Kwa yangu, yenye usukani usiopinda sana, ni kazi ya kubana pumzi. Wanaume walionitangulia walipita wengi, wakaanguka wawili watatu. Nikaingia mimi. Nane ya kwanza ikatoka safi. Nikaingia ya pili, na kwenye tumbo la juu nikamwona kikongwe anapita pembeni ya uwanja na kikapu chake: mwalimu wangu wa chuoni, aliyenisomesha Kurani nikiwa nimeng'oka meno ya mbele.

Mkono uliinuka wenyewe. Mkono wa kulia, wa mafuta, wa breki. "Shikamoo, mwalimu!" nilisema, ndani ya helmeti iliyofungwa. Injini ikapungua nguvu, pikipiki ikalegea, mguu ukashuka.

Askari alikuja akanitazama. "Bi, ulikuwa unamwamkia nani?"

Nikamwonyesha. Bibi wa watu alikwisha kwenda zake, hakusikia kitu wala hakujua kama kuna aliyeangushwa kwa ajili yake.

Nilimweleza Ami mwenyewe, sikungoja aambiwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Ilionekana kama shikamoo ile ilimfurahisha.

"Adabu imekuponza," alisema. "Si mbaya. Imebaki moja."

Nilipanda juu nimejaa hasira. Kwa hiyo nimefunzwa adabu ili inishushe? Wanaume wanapita mitaani na vespa zao wakiinua mkono kila baraza na hawaanguki. Lakini wao mkono wa kuamkia wameuzoeza tangu utotoni, juu ya vyombo vya baba zao. Mimi nilikuwa na miezi michache tu ya kujifunza yote mawili.

Rafiki yangu alipojua sababu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafanya kazi. Alipanga nazi kwa umbo la nane, akasimama katikati, na kila nilipomzunguka alinipigia makelele: "Shikamoo! Hodi! Wasalimie nyumbani! Shoga, mbona umetununia?" Akawaita wafanyakazi wenzake nao wakaniamkia kwa zamu, wengine kwa sauti za wazee. Wiki nzima sikumjibu mtu. Nilijihisi mwehu asiye na kwao. Lakini mguu haukushuka.

Siku ya mtihani wa pili Ami alisema, "Nnakuja kushuhudia." Alivaa kanzu na koti, akaja na teksi, na mwenye duka la jirani akamtolea kiti. Uwanja ulijaa vijana wanaongoja zamu zao, simu mikononi. Ami alikuwa hajawahi kuniona nikiendesha. Alikuwa ameiona imelala ukumbini tu.

Nililala juu ya tangi, nikaingia kwenye mawe. Kijana mmoja alipiga mluzi. Wengine wakacheka, na mmoja akasema neno kuhusu nilivyoinama ambalo sitaliandika. Nilimaliza nane ya kwanza. Nikaingia ya pili, na hapo Ami akaniita.

Jina langu, mara moja, kwa sauti ile ile ya chini ya ngazi.

Ulimi ulikwisha kujiweka tayari. Nilihisi mwili mzima unageuka kumwelekea, shingo, bega, kiuno, na pikipiki hufuata macho. Ukitazama ukuta unakwenda ukutani. Nikayarudisha macho kwenye jiwe la mbele. Sikuitika.

Akaita tena. Sijapata kuitwa na Ami mara mbili maishani mwangu.

"Basi!" alisema. Alikuwa amesimama, nilimwona kwa pembe ya jicho, bakora imeinuliwa. "Teremka! Tunakwenda zetu nyumbani!"

Nilikuwa nalia ndani ya helmeti, nakiri, na machozi hayafutiki ukiwa na mikono yote miwili kazini. Nilijua kwa nini aliita. Hakutaka kuniangusha. Alikuwa amesikia waliyoyasema, na kwake dawa ya maneno ya watu ni kumwingiza binti ndani. Alikuwa ananilinda, kwa njia pekee anayoijua, na kama ningelindwa pale ningelindwa mpaka kaburini. Nikabana magoti, nikaongeza mafuta kidogo, nikasikiliza, nikazunguka tumbo la mwisho. Nikatoka kwenye mawe, nikasimama, ndipo nikashusha mguu.

"Umepita," askari alisema.

Nilivua helmeti nikaenda mbele ya Ami.

"Nimekwita," alisema.

"Nimekusikia, Ami."

"Hukuitika."

"Sikuitika."

Niliona kwamba ameumia, na niliumia kwa ajili yake. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi, nimefunzwa kuyasema kama nilivyofunzwa kutawadha, na nilimpenda pale pale kuliko siku zote. Lakini sikuyasema, maana ningeyasema ningekuwa nimeitika. Akageuka, akaingia kwenye teksi yake.

Ami ni mtu wa neno lake. Pikipiki inalala ukumbini, na hajasema tena. Ila wito nao ulikatika. Kesho yake alasiri, wakati ambao huniita kwa chai, nilikuwa juu nashona tiara ya watu wa Paje, na sikusikia kitu. Siku iliyofuata vile vile. Nikawa nasimamisha cherehani katikati ya mshono ili nisikilize. Nyumba ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Jirani wa mbele alinishauri nikamwangukie mzee miguuni. Nikamwambia nimeshaanguka vya kutosha Kizimbani.

Kisha alasiri moja nikasikia bakora kwenye ngazi. Ngazi zetu mtu mzima wa magoti mazuri huzilaani, na Ami magoti yake hayakuwa mazuri hata kabla sijapata pikipiki. Alipanda kidogo, akapumzika, akapanda tena. Ningeweza kushuka nikamkuta njiani. Nilikaa pale pale.

Alifika mlangoni kwangu, jasho usoni, akasimama kwenye kizingiti. Mlango ulikuwa wazi kama ulivyo kila siku, na hakuna chumba katika nyumba ile ambacho Ami amewahi kukiombea ruhusa.

"Hodi," alisema.

Niliinuka kwenye cherehani. "Karibu, Ami. Shikamoo."

"Marahaba," alisema, akavua makubadhi yake, akaingia.