Sekunde Mia Sita na Sitini

Mtaani inasemwa, na tangu mazishi inasemwa bila hata kupunguza sauti, kwamba marehemu mume wangu alifutwa kwenye mchezo wa mafumbo ya simu kwa sababu ya udanganyifu. Nimeyasikia hayo saluni nikiwa nimeingiza kichwa kwenye kikaushio, mahali ambapo watu hudhani mtu hubaki bila masikio. Naomba tuelewane. Kwamba alifutwa ni kweli. Kwamba alidanganya ni uongo. Kati ya mambo hayo mawili ipo barua, na hakuna aliye hai anayeijua barua ile kunishinda mimi.

Mume wangu alikuwa fundi saa. Kwa miaka thelathini na minne alikaa kwenye duka lenye upana wa mlango wake, kati ya duka la dawa na watu wa fotokopi, kioo kimebanwa jichoni, kibano mkononi, saa za watu zimelala kifudifudi juu ya kitambaa cheupe. Hakuweza kukaa chumba kimoja na saa isiyosema kweli. Siku aliyokuja kwetu kuniposa, kabla hata ya kueleza kilichomleta, alipanda juu ya kiti cha baba yangu akarekebisha saa ya ukutani iliyokuwa nyuma kwa dakika sita. Baba alisema huyu ama ana adabu nyingi mno ama hana kabisa, akaniozesha hivyo hivyo.

Kisha simu zikaja, kila mtu akawa na saa mfukoni isiyohitaji fundi, na wateja wakapungua. Binti yetu, ambaye ni muuguzi, akamwekea baba yake mchezo huo ili asishinde akitazama magari yanavyopita. Kwa wasioujua, kila asubuhi linatoka fumbo moja kwa wachezaji wote. Kuna nyumba tano zenye milango ya rangi tano, na watu watano wenye kazi tano, nawe unapewa vidokezo. Mwashi hakai karibu na mlango mwekundu. Mshonaji yuko kushoto kwa mwenye paka. Unapanga mpaka kila mtu awe kwake. Unaanza na alama elfu moja, na kila sekunde inayopita inakula alama moja. Ukikosea unakatwa hamsini. Ukiomba msaada unakatwa mia, jambo ambalo katika nyumba yetu halikuwahi kutokea. Jioni majina kumi ya kwanza hutundikwa kwenye ubao wa mchezo, kila mtu ayaone.

Mume wangu alicheza kwa jina la Fundi Saa na alimaliza kwa dakika nne hivi, alama mia saba hamsini na kitu. Juu yake, siku zote, alikuwepo shemeji yangu, mume wa dada yangu, wakala wa bima, ambaye alibahatisha tu. Alikuwa ameshapiga hesabu zake: kufikiri dakika mbili kunakula alama mia na ishirini, kubahatisha vibaya kunakula hamsini.

"Fundi, wewe unafikiri mno," alikuwa akimwambia mume wangu kila Jumapili alipokuja kula kwetu. "Mchezo huu hauwapendi watu wa kufikiri."

Na kweli haukuwapenda.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Fundi alifungua fumbo, saa ya mchezo ikafika sekunde sabini na moja, simu ikaita. Alikuwa mteja mwenye malalamiko kuhusu mkanda wa saa. Akaanza na mkanda, akaishia kwa mkwe wake, dakika kumi na moja nzima. Mume wangu aliitikia "ndiyo, mama" na "pole sana, mama", huku kichwani akimhamisha mwashi kutoka mlango wa kijani kwenda wa bluu. Alipokata simu, fumbo lilikuwa limekwisha kichwani. Kazi ilibaki kujaza. Mchezo ukamwandikia sekunde tisini na tano. Alama mia tisa na tano, wa kwanza kwenye ubao wote.

Mtu mwingine angetangaza mtaa mzima. Yeye alirudi nyumbani amenuna.

"Saa yao ilisimama nilipokuwa kwenye simu," aliniambia. "Akili yangu haikusimama. Alama zangu za haki ni mia mbili arobaini na tano."

Akawaandikia wenye mchezo kwa lugha yake ya dukani: saa yenu inasimama simu ikiingia, itengenezeni, na mimi nipunguzieni alama mia sita na sitini. Wakamjibu papo hapo kwamba wanamshukuru kwa kuupenda mchezo wao. Akaandika tena. Wakamshukuru tena.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa karani mkuu wa masjala kwa miaka ishirini na sita, na nimeona barua nyingi zikipuuzwa kwa kukosa kiambatisho. Nikamwambia mistari miwili inatosha kuagizia sabuni. Nikakaa mezani nikaandika kurasa mbili zenye vichwa vya habari. Kisha nikachukua simu yake, nikalinganisha orodha ya waliompigia na nyakati alizocheza, nikapata mara kumi na tisa ambazo simu iliita fumbo likiwa wazi. Zote nikazipanga kwenye jedwali: tarehe, saa, muda wa maongezi.

"Bibi Masjala," akasema, maana ndivyo alivyoniita nilipozidisha, "nyingi kati ya hizo ni sekunde tatu nne. Nilipokea nikasema nitakupigia baadaye."

"Ushahidi ukiwa mwingi watakuelewa haraka," nikamjibu.

Akatia sahihi. Kwa maandishi aliniamini kama mimi nilivyomwamini kwa saa. Watu wa fotokopi wakatuskania, tukatuma.

Safari hii hawakumshukuru. Siku ya pili jibu likaja: kwa kuwa mchezaji ameorodhesha mwenyewe, kwa tarehe na dakika, mara kumi na tisa alizonufaika na muda usiohesabiwa, akaunti yake imefungwa. Wakaongeza kwamba jedwali limewarahisishia kazi. Kwenye ubao jina lake likapigwa mstari mwekundu, pembeni pakaandikwa "udanganyifu", likakaa hivyo wiki nzima. Saa ya mchezo hawakuitengeneza.

Shemeji akapanda nafasi ya kwanza. Jumapili alikuja kula kama kawaida, akampa Fundi pole, na akakiri kwamba hakuwahi kujua kuwa ukipokea simu saa inasimama. Tangu hapo simu yake huita kila asubuhi, wakati ule ule, na anayempigia ni dada yangu aliye chumba cha pili. Sasa hana haja ya kubahatisha. Jina lake lina nyota. Na ndiye aliyesema mazishini, kwa huzuni kubwa, kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila kwenye ubao aliteleza kidogo.

Marehemu hakuacha mafumbo. Binti yetu alimtumia fumbo la kila siku, watu wa fotokopi wakamchapishia, akalifanya kwa penseli, mbele yake saa ya kupimia mbio aliyoitengeneza mwenyewe. Hakuisimamisha kwa ajili ya mtu yeyote. Daftari lake ninalo. Kuna siku ameandika dakika nne, na kuna siku ameandika dakika arobaini, na pembeni maneno mawili: mteja, mkanda. Alifanya hivyo miaka miwili, hadi wiki aliyofariki. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo, si kwa aibu. Karatasi ya daktari ninayo pia.

Basi ieleweke. Jedwali lilikuwa langu, mwandiko wangu, wazo langu. Yeye alitia sahihi tu. Anayetafuta wa kumlaumu aje nyumbani, atanikuta, na saa ya ukutani iko sawa.

Najua sasa mtataka kujua alisema nini aliposoma lile jibu, nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikilisoma pamoja naye. Alisema neno moja. Binti yangu ameniuliza, sikumwambia. Nanyi sitawaambia.