Mguu wa Zubeda, Mpiga Pasi wa Bwiza

Zubeda anapiga pasi mtaani Bwiza, kwenye kibaraza cha nyumba aliyoachiwa na mama yake, na huu ni mwaka wa ishirini na sita. Pasi yake ni ya mkaa, na pasi ya mkaa haitaki mtu aliyekaa: ukikaa mkono unakosa uzito, na shati la karani linarudi kwake na mikunjo. Kwa hiyo husimama saa tisa, saa kumi kwa siku. Nguo zikitoka mikononi mwake huwa zimenyooka hata mtu huona huruma kuzivaa.

Kilichopinda ni mishipa ya miguu yake. Ilianza kujitokeza nyuma ya goti alipomzaa Bella, binti yake wa kwanza, ikashuka kwenye shavu la mguu, minene, ya buluu, imejipindapinda kama kamba iliyotupwa. Mwingine angekwenda kwa daktari. Zubeda alishusha kitenge. Akakishusha kidogo zaidi kila mwaka mpaka kikawa kinafagia kibaraza, akajipa moyo kwamba mguu usioonekana hauumwi.

Mwaka huu ngozi ya juu ya kifundo cha mguu wa kushoto iligeuka nyeusi, ngumu, ya kuwasha. Bella akamburuta hadi kituo cha afya. Spéciose, muuguzi wa maneno machache, alimweleza bila kupamba. Damu kushuka mguuni si kazi. Kazi ni kupanda. Ndani ya mishipa mna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini, na vya Zubeda vimechoka. Damu inarudi, inatuama, inatanua mshipa na kuichosha ngozi. Ngozi ile ikifunguka itakuwa kidonda cha miezi, na mwenye kidonda cha miezi hasimami mezani. Akampima mapigo juu ya wayo, kuhakikisha damu inafika vizuri, kisha akampa soksi ndefu ya kubana, iliyo wazi vidoleni na kuishia chini ya goti. Aivae alfajiri kabla mguu haujavimba, aivue akilala. Katikati ya kazi atembeetembee, anyanyue visigino, na akipumzika aweke miguu juu ya mto.

Zubeda aliogopa, kwa kuwa bila ile meza hakujua yeye ni nani. Kila alfajiri akawa anajikaza kisabuni na kuivaa soksi. Baada ya wiki tatu mguu ulikuwa mbaya zaidi.

Spéciose aliukagua. Chini ya goti palikuwa na mfereji mwekundu uliozunguka mguu mzima, na chini ya mfereji mguu umejaa.

"Mama Zubeda, hii soksi unaivaaka namna gani?"

"Vile ulisema. Asubuhi."

"Na muchana?"

Zubeda akatazama ukuta. "Muchana naikunjaka. Juu ya udhu."

Udhu unataka miguu ioshwe. Kuivua soksi ile ni vita, na kuirudisha adhuhuri, mguu ukiwa umeshavimba, ni vita kubwa zaidi. Kwa hiyo aliipandisha kama mkono wa shati, akaosha, akasali, na kwa kuwa alasiri haikuwa mbali akaiacha huko juu, imejiviringa, mpaka isha.

"Apana," Spéciose akasema. "Hiyo si soksi tena, ni kamba. Damu inataka kupanda, we unaifungia mulango. Ngozi iko karibu kupasuka. Mambo ya udhu mi sijue, uliza mwenye kujua. Lakini uliza leo."

Mwenye kujua alikuwa nyumba ya tatu. Mualimu Shakuru, wa madrasa, ndiye ambaye kanzu zake Zubeda amezinyoosha miaka yote hiyo. Na hapo ndipo penye ujinga, nausema kwa heshima zote: mwanamke mzima aliharibu mguu wiki tatu kwa kuona haya kutamka neno mguu mbele ya jirani.

Jioni Mualimu alipofuata kanzu yake, Zubeda alizungumza macho yakiwa kwenye pasi.

"Mualimu, mi niko na soksi ya ugonjwa. Kuivua kila udhu siwezi."

"Unaivaaka ukiwa na udhu?"

"Ya alfajiri, ndiyo."

"Basi iache. Osha kwenye kuko wazi, pangusa juu yake na maji, usali. Dini haikukutuma uharibu muguu."

Ikawa ndiyo hivyo tu. Zubeda alijikasirikia, kisha akahisi mwili mwepesi. Lakini Mualimu hakuondoka. Aliuliza soksi inafanya nini, akaelezwa habari za vilango, akasikiliza mpaka mwisho. Akatazama barabara huku na huku, akainua upindo wa kanzu. Mishipa yake ilikuwa minene kuliko ya Zubeda, na juu ya kifundo palifungwa kitambaa kilicholowa maji ya kidonda. Miaka thelathini ya kusimama mbele ya watoto.

"Hata bibi yangu, mama ya watoto, hajue," akasema.

Wiki mbili baadaye mfereji wa Zubeda ulikuwa umefutika na ngozi haikufunguka. Akiwa kituoni akaomba soksi nyingine, ya mtu mwingine.

"Mwenyewe aje nimupime," Spéciose akasema. "Bila kupima siitoe."

Zubeda akatoka hadi kwenye benchi, ambako Mualimu Shakuru alikuwa amekaa tangu asubuhi akiwaambia watu kwamba amemsindikiza jirani.

"Mualimu, inuka," akamwambia. "Mi pia nilikuwa naona haya."

Akainuka, akachechemea mbele ya watu wote hadi ndani.