Ushindi Niliouandika Kabla ya Ngoma

Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana wengine huisimulia kwa kuiimba: mimi ndiye yule karani wa kupima pamba, hapa hapa Shinyanga, aliyeandika gazetini habari ya ushindi ambao haukuwapo.

Nilikuwa na sababu, na wakati ule niliiona sababu nzuri sana. Nilijifundisha kusoma mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia sukari, na nilipozoea kuyasoma nikaanza kuyaandikia, nikatoa maoni yangu juu ya kila kitu kipya kilichoshuka kwenye garimoshi: baiskeli (nilikubali), miwani ya jua (nilikataa), taipureta (nilikubali, ila nilionya kwamba inamfanya mjinga aonekane nadhifu). Jambo moja tu liliniudhi. Habari ikitoka kwangu, ikaenda Dar es Salaam, ikachapwa, ikarudi, imekwisha chacha. Nimewahi kuandika habari za mvua zikasomwa watu wanavuna. Basi msimu ule wa ngoma nikajiambia, safari hii habari nitaitangulia.

Kwetu Usukumani mavuno yakiisha vyama viwili vya ngoma hukutana uwanja mmoja, vikacheza wakati mmoja, na hakuna hakimu ila watu wenyewe: chama kinachovuta umati kimeshinda, kinachochezea migongo ya watu kimeshindwa. Manju wa chama kimoja, yaani mwimbaji na kiongozi wake, alikuwa shemeji yangu Ng'wandu, kaka wa mke wangu. Msimu uliotangulia alishindwa, na vijana wake walikwisha anza kunong'ona kwamba akishindwa tena watahamia kwa mpinzani wake, manju Luhende. Nilimtazama Ng'wandu akifanya mazoezi, nikapima, nikaona hawezi kushindwa, nikaandika: "Manju Ng'wandu ameshinda kwa kishindo, umati wote ulimfuata." Nikaipeleka stesheni.

Garimoshi lilipopiga king'ora ndipo nilipotambua kwamba sasa hana budi kushinda.

Nikaenda kwa Bwana Salimu, mwenye duka la nguo, ambaye baba yake alitoka pwani na ambaye peke yake mjini alikuwa na gramafoni, nikamwomba aniazime.

"Karani, hiki ni kitu cha kusikiliza umekaa barazani," alinionya. "Si cha kupelekwa kwenye vumbi."

"Nimesoma habari zake zote," nikamjibu. (Nilikuwa nimesoma tangazo.)

Mpango wangu ulikuwa hivi: naweka gramafoni nyuma ya wachezaji wa Ng'wandu, naipiga, watu wanakuja, nainua sindano, Ng'wandu anaanza, na watu wako pale pale. Nikiupitia hata leo sioni kosa lake, ila kwamba ulihusu watu.

Watu walikuja kweli. Walikuja wakaizunguka, wakakaa chini, akina mama na watoto mgongoni, na nilipoinua sindano wakapiga kelele, "Tia tena, Karani! Tia tena!" Wote hao wameipa ngoma ya shemeji yangu migongo. Ng'wandu akaruka, akaimba, jasho likamtoka, akawa anachezea visogo. Nikaona dawa yake ni kuisogeza gramafoni mbele yake, nikaijaza ufunguo kwa nguvu ili isizimike njiani, na hapo kamani, ile springi ya ndani inayoiendesha, ikakatika. Yule mwanamke aliyekuwa akiimba ndani ya santuri akageuka mwanamume, kisha mwanamume mwenye usingizi, kisha kimya.

Luhende hakupoteza nafasi. Akashika sikio lake kama mpini, mwenzake akalizungusha, akaimba kwa sauti nyembamba ya kike, akaishusha, akazidi kuishusha, akaanguka mdomo wazi, mwenzake akaja kumjaza ufunguo tena. Umati mzima ulihamia kwake mbio. Tulibaki mimi, Ng'wandu, vijana wake, na gramafoni.

Hayo yangesahauliwa, lakini gazeti likafika. Mwalimu mmoja akalisoma sokoni kwa nia njema na sauti nzuri mno, mpaka kwenye jina langu. Mama mmoja muuza karanga akauliza, "Shinyanga hiyo ndiyo hii yetu, au kuna nyingine?"

Ng'wandu akaja nyumbani. Hakukaa.

"Shemeji, huko Dar es Salaam mimi ni mshindi," alisema. "Hapa kwetu ni mwongo. Watu wanasema nilikutuma. Vijana waliobaki ni wachache, na hao nao hawanitazami usoni."

"Nitaandika masahihisho."

"Yatafika lini?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, vikaniishia.

"Basi niache nikuimbe," akasema. "Wakisikia nimekuimba wewe, mume wa dada yangu, watajua hatukula njama."

Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa anakata viazi vya kuanika. Hakuinua kichwa. "Muimbe, kaka. Mimi nitakusaidia."

Alimsaidia. Vyama vilipokutana tena uwanjani nilitakiwa nisimame mbele, na Ng'wandu akaimba jinsi Karani anavyoshinda ngoma kwa kalamu, watu wakacheka, na hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Kisha akaimba kwamba jogoo akiwika Karani hutazama saa, kuona kama jogoo amekosea. Akaimba kwamba nikiwa peke yangu na mke wangu humsomea matangazo ya baiskeli kwa sauti ya padri. Mambo hayo aliyajua mtu mmoja tu duniani, na alikuwa mstari wa mbele anapiga makofi.

Upande wa Luhende ukabaki mtupu. Vijana wakavuka uwanja na njuga zao miguuni, mmoja mmoja, wakaingia kwenye mstari wa Ng'wandu, naye akaanza wimbo upya kwa ajili yao, nami nikaendelea kusimama nikitabasamu kama mtu anayepigwa picha.

Hata masahihisho yangu hayajachapwa, wimbo ulikuwa umefika Geita, wachimba dhahabu wanaupigia sururu. Masahihisho yalipotoka, mistari minne chini ya tangazo la dawa ya kikohozi, watu waliniuliza nasahihisha nini.

Nimeapa: siandiki tena jambo lolote mpaka liwe limetokea. Tangu hapo nangoja kweli, na kila nikichovya kalamu nakuta limekwisha imbwa.