Ukumbi Uliotazama Gati

Jina lake kamili ni Teodula Cabacang Amoyan. Nalitaja lote kwa sababu waliolipaka ukutani walipaka nusu tu. Bibi yake, Sabel, alizalisha nusu ya kijiji cha Hinabuyan, pwani ya kisiwa chetu cha Samar. Baba yake, Crisanto, mkaushaji wa nazi, aliwahi kupita ndani ya maji ya kimbunga akiwa amembeba mama yake mwenyewe mgongoni. Na Teodula mwenyewe alilea watoto wa nyumba tatu hapa Hong Kong kwa miaka thelathini na mmoja, akasomesha wadogo zake wanne, na hakuna kimbunga kilichopiga kwetu ambacho baada yake hakutuma maboksi ya misaada.

Sisi tulimwita Manang Dula, yaani dada mkubwa. Kila Jumapili, siku yetu ya mapumziko, wanawake wa Samar tulitandika makaratasi ya boksi chini ya daraja la waenda kwa miguu, tukala wali na samaki mkavu. Habari mbaya ikija, Manang alisimama, akagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Hakuhutubia. Jumapili iliyofuata vitu vilifika: samaki wa kopo, ndala, mashuka, dawa za kuhara. Yeye ndiye aliyeandika anwani juu ya kila boksi kwa kalamu nene nyeusi, kwa herufi ambazo hata mvua haikuzishinda.

Mwaka mmoja tukasema maboksi hayatoshi, tuwajengee watu wa Hinabuyan ukumbi wa zege wa kukimbilia. Manang akataka ujengwe kilimani, kando ya makaburi.

"Makaburini?" akaulizwa. "Na majina yetu ayasome nani huko, marehemu?"

Tulicheka mpaka wapita njia wakageuka. Aliyesema hayo ni mimi. Tulitaka majina yapakwe kwenye ukuta unaotazama gati, ili kila anayeshuka kwenye boti asome nani alikwenda ugenini na hakusahau kwao. Manang alitukumbusha habari ya baba yake, kwamba siku ile ya kimbunga bahari ilirudi nyuma kwanza, ikaacha matope wazi, kisha ikaja yote kwa pamoja. Halafu mmoja akasema, "Lakini jina lako ndilo litakuwa la kwanza, Manang." Akatabasamu. Ukumbi ukajengwa gatini.

Ulisimama miaka sita bila ufa.

Jumapili ya kimbunga kikubwa kule kwetu, saa nne asubuhi, jua la Hong Kong lilikuwa kali na hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha mfuko wa plastiki. Manang alimpigia Nelvie, binti wa mdogo wake, ambaye ndiye aliyetunza ukumbi. Akaweka sauti ya juu, sote tukainama juu ya simu.

"Shangazi, tuko salama!" Nelvie alipiga kelele, na nyuma yake watu walikuwa wanaimba. "Kijiji kizima tumo ndani. Bibi, mama yako, nimemketisha kwenye ukuta wenye jina lako, ameushika hataki kuuachia. Mwenyekiti wa kijiji anawashukuru watu wa Hong Kong."

"Bahari ikoje?"

"Imetulia, Shangazi. Tena imekwenda mbali, watoto wametoka kuokota samaki kwenye matope."

Niliuona uso wa Manang ukiishiwa damu.

"Nelvie, watoe. Wote. Wapeleke makaburini."

Mwenyekiti akachukua simu, akacheka. "Dula, mama, umezeeka. Tuache zege lenu zuri tukalale na wafu kwenye mvua?"

"We mjinga, nimekuambia toka! Ukumbi ni wangu, nimeuombea fedha mimi, nimeujenga mimi, na mimi ndiye ninayewafukuza humo! Nelvie, fungua milango yote miwili. Waambie mwenye ukumbi amewafukuza!"

Tulisikia viti, watoto wakilia, mtu akitukana. Kisha sauti ya Nelvie, karibu sana na simu: "Wanatoka, Shangazi. Bibi hataki. Anasema nyumba hii ina jina la mwanawe, haondoki."

"Mbebe."

"Anang'ang'ania ukuta, Shangazi. Ananing'ata."

"Mbebe, Nelvie!"

Simu ikakatika. Manang alipiga tena na tena mpaka simu yake ikaisha chaji, akapiga kwa ya mwenzake, na ya mwingine. Juu ya daraja watu walipita na barafu zao za maziwa mkononi.

Siku nne hatukupata neno. Ya tano Nelvie alipata mtandao katika mji wa jirani. Watu mia mbili na kumi na mmoja walikaa juu ya makaburi usiku kucha, wakiwa hai. Bahari ilirudi, ukumbi ukabaki sakafu tu. Kipande kimoja cha ukuta kilikutwa shambani, mbali, kikiwa na rangi yake. Mama yake Manang hakukutwa.

Jumapili iliyofuata tulifika na maboksi mengi kuliko mwaka wowote. Na kabla hatujamaliza kuyafunga kwa gundi, nikawasikia wasichana wa kwetu waliofika karibuni wakisema tujenge tena, palepale, ukuta mnene zaidi na majina makubwa zaidi.

Manang hakugonga sufuria. Aliniita pembeni. Alikuwa amekwisha kukata tiketi ya kurudi nyumbani, ili atembee ufukweni akimtafuta mama yake.

"Meding," akaniambia, "wewe unajua kuwachekesha watu. Ulituchekesha siku ile."

Nikaiweka gundi chini.

Akanitia kalamu nene mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake. "Hii iandike anwani tu. Ukumbi ukajengwe kilimani. Na atakayetaka jina lake ukutani, umwambie jina la mama yangu kwanza, halafu umwulize kama bado anataka la kwake.""