Jema Moja, Kisha la Kurekebisha

Ukiingia studio ya Tecla pale Sosiot, kitu cha kwanza kukukagua si kamera, ni Tecla mwenyewe. Atakutazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha aanze: kola imekunjika, mdomoni kuna ugali, na kwa nini unasimama kama shati lililoanikwa? Watu walimwogopa na bado walikuja, maana katika picha zake mtu alitoka akiwa mtu. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba sikio lake moja limepotea.

Studio ilijengwa kwenye mteremko, na sakafu yake ya mbao ilikuwa imelala upande tangu siku mwenye nyumba alipoipigilia misumari. Tecla alimwambia, akanyamaziwa. Akamwambia tena, akaahidiwa. Mwishowe alifunga uzi kwenye dari na kuning'iniza nati ya baiskeli. Kabla ya kupiga picha yoyote aliinua mguu mmoja wa stendi, akachungulia, akapanga mpaka ukingo wa picha ulingane na uzi. Wateja wengi walidhani ile nati ni dawa. Aliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu waliodhani ni dawa hawakugusagusa vitu vyake.

Mwaka wa tisini na saba, kabla ya ile mvua iliyotusahaulisha jua, shamba moja kubwa la majani chai liliandaa shindano la picha kwa wafanyakazi wake. Mada ilikuwa Nyumbani Kwetu. Yeyote mwenye kamera, au mwenye ndugu mwenye kamera, alikaribishwa. Tecla aliitwa awe jaji, kwa kuwa kila mwaka ndiye aliyewapiga wafanyakazi wa shamba hilo picha za vitambulisho, na kazi hiyo ndiyo iliyoiweka studio yake wazi miezi ambayo hakuna harusi wala ubatizo.

Siku yenyewe, Jumamosi asubuhi, alipokelewa na afisa wa ustawi wa wafanyakazi, Gibson Kipsang. Huyu alikuwa kijana wa tai na viatu vinavyong'aa, lakini Tecla alimjua tangu alipokuja studio akiwa na koti la kuazima kupigwa picha ya kutafutia kazi.

"Madam, hatutaki kuvunja watu moyo," Gibson alimwambia akizipanga picha mezani. "Kila mtu unamwambia jema moja, kisha la kurekebisha. Jema moja, kisha la kurekebisha. Basi."

Tecla alifurahi. Kwa muda mrefu alikuwa amekereka kuona watu wakipiga picha mbaya na kusifiwa na jamaa zao, wakirudia kosa lile lile mpaka filimu iishe. Mtu akikusifu kwa uongo amekuibia, ndivyo alivyoona. Akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kuzipitia.

Kulikuwa na picha ya ng'ombe aliyeota mti katikati ya pembe. Kulikuwa na kwaya nzima iliyokatwa miguu, na nyingine ya mwanamume mbele ya jua, mweusi tii, huwezi kujua anacheka au analia. Aliandika maneno yake kwa kila moja. Kisha akashika picha ya ukuta.

Ilikuwa nyumba ya mwisho katika laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, imepigwa kutoka pembeni. Ukuta ulijaza karibu picha yote, nao ulikuwa umeinamia nje, kama mtu anayetaka kumnong'oneza jirani. Tecla aliinamisha kichwa, kama angefanya yeyote. Akafungua kinywa kusema kamera haikushikwa sawa. Halafu akaona taa. Taa ya chemli ilining'inia kwa waya mrefu kutoka kwenye boriti ya paa iliyotokeza nje, na ule waya ulikuwa umenyooka sambamba na ukingo wa picha. Juu waya ulikaribia kuugusa ukuta. Chini, kati ya taa na ukuta, ungeweza kupitisha ndoo.

Aliinua kichwa chake kikakaa sawa.

"Hii imepigwa na nani?"

"Ah, hiyo," Gibson akasema, akinyoosha mkono kuichukua. "Ni ya Syprose Adoyo, mchumaji wa laini ya chini. Imepinda. Utamwambia tu ashike kamera vizuri siku ingine."

"Kamera ilishikwa vizuri. Tazama waya wa taa."

Gibson hakutazama. Mtu asiyejua hutazama, na kutokutazama kwake ndiko kulikomwambia Tecla kwamba alijua.

"Madam, leo meneja anakuja na wageni, watu wa kununua chai. Sema imepinda, tuendelee. Na unajua mwezi ujao tunaanza vitambulisho."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Tecla. Tangu lini picha za vitambulisho zikawa kizibo cha mdomo? Aliichukua ile picha, akaitia kwenye kibeti, akatoka nje kwa mwendo wa mwanamke anayekwenda kugombana.

Laini ya chini haikuwa mbali. Alimkuta Syprose akifua, mwanamke mwembamba aliyekuja kutoka upande wa ziwa kwa ajili ya kazi ya majani. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Taa ilikuwa pale pale. Tecla alisimama alipodhani Syprose alisimama, akatazama, na nyumba ikamtazama ikiwa imeinama vile vile.

"Mama, nilishika sawa," Syprose alisema kabla ya kuulizwa lolote. "Kamera ni ya kaka yangu, alinifundisha. Hiyo taa niliining'iniza mimi, ndio watu waone."

"Uliwaambia ofisini?"

"Nimewaambia mpaka nimechoka. Nyapara alisema itaangaliwa. Akaja fundi akapaka simiti kwa ufa, akaenda. Ufa ikafunguka tena." Aliifuta mikono kwa leso, akamwonyesha mtaro wa maji uliokuwa umekula udongo chini ya msingi. Kisha akampeleka ndani. Kitanda cha watoto kilikuwa kimesukumwa hadi ukuta wa pili, lakini chumba chenyewe kilikuwa kidogo, na kusukuma kitanda kulikuwa kama kumhamisha mtoto kutoka upande mmoja wa sufuria kwenda mwingine. "Kepher na dada yake wanalala hapa. Mvua ikinyesha mimi silali. Ninashika ukuta kwa mkono, nasikiza."

Tecla naye aliweka kiganja chake pale. Ukuta ulikuwa na baridi na unyevu. Alitaka kulia, akakataa, maana hasira ilikuwa na kazi.

Alasiri ukumbi wa kambi ulijaa pomoni. Meneja aliketi mbele na wageni wake, soda mkononi. Picha zilibandikwa kwenye ubao, isipokuwa moja iliyokuwa kwenye kibeti cha Tecla. Gibson alikuwa ameiona ikitiwa humo asubuhi, na sasa alisimama kando ya jukwaa akijifuta jasho.

Tecla alianza kama alivyoagizwa.

"Kipkemoi wa mashine. Jema: ng'ombe wako amenona, na umemsubiri mpaka akakutazama. La kurekebisha: umemwotesha mti kichwani. Ungesogea hatua moja tu, mti ungebaki shambani kwake."

Ukumbi ukaangua kicheko, na Kipkemoi akacheka kuliko wote. "Kweli, mama. Hata ng'ombe mwenyewe alilalamika."

"Caren wa zahanati. Jema: kila mwimbaji anaonekana uso, na hiyo si kazi rahisi. La kurekebisha: hawa watu wamenunua viatu vya sare, wamechanga mwaka mzima, na wewe umevikata. Rudi nyuma. Mguu wa mtu ni wake."

Wanakwaya walipiga makofi kwa uchungu wa viatu vyao. Caren aliandika maneno hayo kwenye kiganja. Hata wageni walianza kufurahia. Basi akawafikia wote, mmoja mmoja, hadi ubao ukaisha.

"Kuna moja imebaki," Tecla alisema, akafungua kibeti.

"Madam, muda," Gibson alisema kwa sauti ya chini.

"Syprose Adoyo, simama."

Syprose alisimama nyuma kabisa, mtoto mgongoni. Tecla aliinua picha juu, na ukumbi mzima ukainamisha vichwa upande mmoja. Meneja naye aliinamisha chake, akatabasamu, akamwambia mgeni wake kitu kuhusu kamera.

"Msiinamishe vichwa!" Tecla aliwafokea, na sauti ile iliyozoea kunyoosha mabega ya watu studioni ikawanyoosha. Alitoa uzi mwingine na nati yake ya baiskeli, ambavyo alitembea navyo popote alipokwenda kupiga picha, akauning'iniza kando ya picha. "Huu uzi haujui meneja wala mchumaji. Tazameni uzi, kisha tazameni waya wa taa. Viko sawa? Njoo uone, Kipkemoi."

Kipkemoi alipanda jukwaani. Alichungulia kwa jicho moja, kama mtu anayepanga bomba la mashine. "Viko sawa kabisa," alisema. Hakucheka tena.

"Basi sikilizeni. Jema: Syprose ameshika kamera sawa kuliko nyinyi wote. La kurekebisha ni ukuta. Na hilo si la Syprose kurekebisha."

Wanawake wa laini ya chini walianza kunong'ona, kisha kunong'ona kukawa kusema, na kusema kukawa kelele. Meneja aliweka soda chini, akasema kwa Kiswahili chake cha ofisini kwamba jambo hilo litashughulikiwa kupitia njia zinazofaa. Akapiga makofi. Zawadi ya kwanza, blanketi na thermosi, ilikwenda kwa picha ya maua mbele ya nyumba ya meneja, picha ambayo Tecla alikuwa ameiandikia kwamba haina mtu, haina jambo, na imetikiswa.

Unataka kujua ilishughulikiwaje? Jumatatu fundi alitumwa laini ya chini. Hakuleta tofali wala simiti. Alikuja na koleo la kukatia waya, akaishusha taa, akamkabidhi Syprose, akaondoka. Yaani walitafakari, wakubwa wazima wenye elimu yao, wakaona kilichokosea ni taa! Tecla alipoletewa habari hizo alikuwa akipiga picha za harusi ya mtu, na bwana harusi ilibidi aambiwe kwamba si yeye anayetukanwa.

Mwezi uliofuata, kazi ya vitambulisho alipewa mtu mwingine kutoka mjini. Tecla hakushangaa, lakini iliuma, na hakujifanya kwamba haikuuma. Alifunga studio siku za katikati ya wiki akawa anauza maziwa.

Lakini kuna jambo ambalo ofisi haikupanga. Jioni ile ile ya shindano, kabla ukumbi haujafagiliwa, Kipkemoi na vijana wa mashine walikwenda laini ya chini wakabeba kitanda cha watoto wa Syprose. Caren aliwapa chumba nyuma ya jiko lake. Waliokuwa wakichekana kwa sababu ya ng'ombe na viatu ndio hao walibeba godoro, Mkipsigis huku, Mjaluo kule, na hakuna aliyengoja njia zinazofaa.

Mvua ilikuja, ikakaa. Ilinyesha mpaka majani yakaoza kwenye vikapu na magari yakalala barabarani. Ukuta wa Syprose ulianguka mchana, watu wakiwa wanachuma. Ulianguka wote kwa mara moja, nje, na paa likashuka juu ya mahali palipokuwa na kitanda.

Wiki hiyo hiyo Gibson Kipsang alifika Sosiot, tai imelowa. Alisimama mlangoni kama mtu asiyejua kama atakaribishwa.

"Chamgei, mama."

"Chamgei mising," Tecla alijibu, maana salamu haikatazwi. "Leo si madam tena?"

"Nimetumwa. Watu wa bima wanataka picha ya ile nyumba. Ofisi imesema uipige wewe, unaijua." Alikohoa. "Wanaomba ionekane kwamba ni mvua. Mvua peke yake. Na vitambulisho vya mwaka ujao vinaweza kurudi kwako."

Kweli kuna watu hawana haya, Tecla aliwaza. Alifungua droo. Alitoa nakala ya picha ya Syprose, aliyoiosha mwenyewe kutoka kwenye filimu ya kaka yake Syprose, kwa ukubwa wa kutosha, akamwekea mezani.

"Hiyo ndiyo picha ya nyumba. Wapelekee bima. Lakini kwanza, wewe uliyetufundisha, isahihishe. Jema moja, kisha la kurekebisha."

Gibson aliishika picha kwa mikono miwili. Maji yalimtiririka kutoka kwenye nywele hadi sakafuni, yakafuata mteremko wa mbao.

"Jema," alisema mwishowe, "ni kwamba watoto hawakuwamo."

"Hilo halimo kwenye picha. Hilo ni la Kipkemoi na Caren. Tafuta lingine."

Aliitazama tena. Nje mvua iliongezeka juu ya mabati, na polepole, bila kujua, kichwa chake kikaanza kulala upande, kikiufuata ukuta.

"Gibson," Tecla alisema. "Usiinamishe kichwa."